Ukuta wa Gamba na Joto la Tropiki: Historia ya Usomaji wa Foraminifera, kutoka Piramidi za Misri hadi Mfinyanzi wa Kilwa

Ikisiri

Foraminifera ni viumbe wa baharini wenye seli moja ambao hujijengea gamba, aghalabu la chokaa, na kwa spishi nyingi gamba hilo halifikii upana wa milimita moja. Makala haya yanafuatilia jinsi wanasayansi walivyojifunza kusoma ukuta wa gamba hilo: kwanza ulipopuuzwa kwa ajili ya umbo la nje, kisha ulipofanywa kigezo cha uainishaji, na hatimaye ulipokuwa kigezo cha kukubali au kukataa ushahidi kuhusu joto la bahari za kale. Hoja inayotetewa ni kwamba imani kuwa bahari za tropiki zilikuwa na ubaridi katika enzi ambazo dunia nzima ilikuwa na joto ilitokana na kupima gamba bila kuuchunguza ukuta wake, na kwamba mfinyanzi wa pwani ya kusini ya Tanzania ulikuwa miongoni mwa mashapo machache yaliyoiweka wazi kasoro hiyo.

Utangulizi

Mwaka 2001, katika jarida la Nature, Paul Pearson na wenzake, akiwamo Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), walichapisha makala mafupi yenye dai zito. Walisema kwamba sehemu kubwa ya vipimo vya joto la bahari za tropiki katika enzi za Kretasia ya mwisho na Eosini haikustahili kutegemewa. Vipimo hivyo vilikuwa vimezoeleka kuonyesha nyuzi 15 hadi 23 za Selsiasi. Magamba waliyoyapima wao, yaliyotoka katika mashapo yenye mfinyanzi mwingi, yakiwamo ya pwani ya Tanzania, yalionyesha angalau nyuzi 28 hadi 32. Tofauti hiyo inakaribia ile iliyopo leo kati ya maji ya Zanzibar na maji ya pwani ya Ureno.

Kanuni ya fizikia iliyotumika haikuwa mpya, kwani ilikuwa imefahamika tangu miaka ya 1940. Jipya lilikuwa sharti walilojiwekea kabla ya kupima: gamba ambalo ukuta wake haukuwa katika hali yake ya asili halikukubaliwa kuwa shahidi.

Historia ya foraminifera kwa kawaida husimuliwa kama orodha ya majina, yaani nani alimgundua nani na mwaka gani. Masimulizi ya namna hiyo yana manufaa yake, lakini yanaficha jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi. Kwa muda wa karne mbili gamba lilelile limesomwa kwa maswali tofauti, na kila swali lilikuwa na kiwango chake cha kile kilichoitwa "kisukuku kizuri". Gamba linaloitwa zuri na anayetaka kutambua spishi huenda likawa halifai kabisa kwa anayetaka kupima joto. Kuchanganya viwango hivyo viwili kulizaa kosa lililodumu kwa miongo kadhaa, na kosa lenyewe liliwagusa watunga sera wa nchi za tropiki kuliko walivyofahamu.

Istilahi za fani hii bado hazijazoeleka katika Kiswahili. Katika makala haya nitatumia "ukuta wa kuunga" kwa gamba lililojengwa kwa punje za mchanga zilizogandishwa pamoja, "ukuta wa kauri" kwa gamba jeupe lisilopitisha nuru, na "ukuta wa kioo" kwa gamba linalopenyeza nuru.

Umbo kabla ya ukuta

Maandishi ya kale kuhusu visukuku hivi yanatupeleka Misri. Strabo, mwanajiografia wa Kiyunani aliyeishi mwanzoni mwa zama za Kirumi, aliona chini ya piramidi marundo ya vipande vya mawe vilivyofanana na dengu. Wenyeji walimwambia kwamba ni mabaki ya chakula cha wajenzi kilichogeuka mawe. Strabo alikumbuka kilima cha nchi ya kwao, Ponto, ambacho nacho kilijaa vijiwe vya namna hiyo, na huko hapakujengwa piramidi. Leo tunajua kwamba "dengu" hizo ni Nummulites, foraminifera wakubwa wa Eosini, ambao baadhi yao hufikia upana wa sentimita kadhaa. Jina lao linatokana na neno la Kilatini la sarafu ndogo. Mawe ya chokaa yaliyojenga piramidi za Giza yamejaa magamba yao.

Nummulites huonekana kwa macho matupu, lakini jamaa zao wengi hawaonekani. Robert Hooke, katika kitabu chake Micrographia cha mwaka 1665, alichora gamba dogo aliloliokota katika mchanga kwa msaada wa hadubini. Wataalamu wa Italia na Austria waliomfuata katika karne ya 18 walikusanya maelfu ya magamba ya namna hiyo, wakavutiwa hasa na mpangilio wa vyumba vyake. Vyumba hivyo viliwakumbusha nautilasi, mnyama wa jamii ya pweza mwenye gamba la mzunguko, nao wakahitimisha kwamba hawa ni pweza wadogo.

Alcide d'Orbigny aliurithi mtazamo huo. Mwaka 1826 alitoa uainishaji wake maarufu, akabuni jina la Foraminifera kutokana na vitundu vinavyounganisha chumba na chumba, na akawaweka katika kundi la pweza. Aliwatengenezea pia mifano ya plasta iliyokuzwa mara nyingi ili wasomaji wasio na hadubini nzuri waweze kuyashika maumbo hayo mikononi. Mifano hiyo inaeleza mengi kuhusu mtazamo wa wakati ule. Plasta huonyesha idadi ya vyumba, namna vinavyojipanga na mahali ulipo mlango, ila ukuta wenyewe unakuwa plasta tu.

Miaka 9 baadaye Félix Dujardin aliwatazama foraminifera walio hai. Hakuona mikono wala macho wala kiungo chochote cha pweza. Aliona ute unaotiririka kupitia vitundu vya gamba na kunyoosha nyuzi zinazokamata chakula. Tangu mwaka 1835, basi, tunafahamu kwamba jumba hili lenye vyumba vingi lina mkazi mmoja, naye ni seli moja. Ugunduzi huo ulizua swali ambalo pweza hakulizua: seli isiyo na kiungo hata kimoja inajengaje ukuta?

Ukuta waingia katika uainishaji

Jibu lilianza kupatikana Uingereza katikati ya karne ya 19, pale William Williamson na William Carpenter walipoacha kulitazama gamba kwa nje tu. Walilibandika kwenye kioo na kulisugua mpaka likabaki utando mwembamba unaopenyeza nuru. Mwaka 1862 Carpenter, akisaidiwa na William Parker na Rupert Jones, alichapisha kitabu kilichogeuza uainishaji wote. Badala ya kuanza na mpangilio wa vyumba alianza na ukuta, akiuliza kama una vinyweleo au hauna. Mpangilio wa vyumba, alisema, hujirudia katika koo zisizohusiana, ilhali ukuta haubadiliki kwa urahisi namna hiyo.

Hapa inafaa kueleza kuta zenyewe, kwa kuwa mengine yote yanazitegemea.

Mwenye ukuta wa kuunga haundi chokaa nyingi. Huokota punje za mchanga, vipande vya magamba ya wengine, hata miiba ya sifongo, akaziunganisha kwa gundi yake. Aliyewahi kuona kuta za magofu ya Kilwa Kisiwani, vipande vya matumbawe vilivyoshikwa na chokaa, ana picha ya karibu ya ujenzi huo. Baadhi ya spishi huchagua punje za aina moja au za ukubwa mmoja, jambo lililowashangaza sana wataalamu wa karne ya 19, na sioni sababu ya sisi kutoshangaa.

Mwenye ukuta wa kauri hutengeneza sindano ndogo mno za kalsaiti na kuzilaza bila mpangilio. Nuru inayoingia hutawanywa huku na huko, na gamba huonekana jeupe na laini kama kikombe. Ukuta huu hauna vinyweleo katika vyumba vya mtu mzima.

Mwenye ukuta wa kioo hufanya kazi kwa namna nyingine. Fuwele zake za kalsaiti ni chembe ndogo zilizopangwa kwa utaratibu juu ya utando wa asili ya kiumbe, na ukuta hutobolewa na vinyweleo vingi. Nuru hupita. Gamba bichi likiloweshwa chini ya hadubini, mtazamaji huona kuta za ndani zikitenganisha vyumba. Zaidi ya hayo, spishi nyingi za kundi hili zinapoongeza chumba kipya hupaka tabaka jembamba la kalsaiti juu ya gamba zima lililotangulia, na kwa hiyo vyumba vya mwanzo huwa na ukuta mnene kuliko vya mwisho. Utaratibu huo wa tabaka ulielezwa vizuri katika miaka ya 1950. Kabla yake, mwaka 1949, Alan Wood alikuwa ametumia nuru iliyochujwa kuonyesha jinsi fuwele za kuta mbalimbali zinavyoelekea, akihimiza kwamba uainishaji uzingatie muundo huo.

Kati ya Carpenter na Wood kuna kipindi ambacho naweza kukipitia kwa haraka. Henry Brady aliwaeleza foraminifera wa safari ya meli ya Challenger katika ripoti kubwa ya mwaka 1884. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia makampuni ya mafuta ya Marekani yalitambua kwamba visukuku vidogo huwahi kutoka kisimani vikiwa vizima wakati visukuku vikubwa vinasagwa na mashine ya kuchoronga. Esther Applin, Alva Ellisor na Hedwig Kniker walithibitisha mwaka 1925 kwamba foraminifera wanaweza kupanga umri wa tabaka za chini ya ardhi katika pwani za Texas na Louisiana. Wanawake hao watatu wanastahili kutajwa mara nyingi zaidi kuliko ilivyo desturi. Kwa kazi yao gamba likawa saa ya mwenye kisima, na anayetumia saa huangalia inasema saa ngapi tu.

Kwa mkondo huohuo foraminifera wa Tanganyika waliingia katika maandiko ya dunia. Katika miaka ya 1950 kampuni za BP na Shell zilitafuta mafuta pwani na visiwani. Mafuta hayakupatikana, lakini sampuli za mfinyanzi na za mawe zilisafirishwa hadi Uingereza. Mwaka 1962 Walter Blow na Frederick Banner walizitumia sampuli za Lindi kueleza spishi kadhaa mpya za foraminifera wanaoelea, katika kitabu kuhusu upangaji wa tabaka kilichotolewa na Cambridge. Katika kazi yake kubwa ya mwaka 1979, Blow alizirejea tena na tena sampuli za Kilwa na Lindi. Mtaalamu yeyote wa Eosini na Oligosini, awe Japani au Brazili, alilijua jina la Lindi kutokana na kurasa hizo.

Wakati huohuo hadubini ya elektroni ya kuskani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965, ilileta picha za ukuta ambazo Carpenter hakuweza kuziota. Jamii ya Subbotina ilionekana ikiwa na uso kama sega la nyuki, na mashimo yaliyoachwa na miiba iliyokatika. Morozovella na Acarinina zilionekana zimefunikwa na vipele vya kalsaiti. Hantkenina ilionekana laini, na kila chumba kimetoa mwiba wenye tundu ndani yake. Tofauti hizi ndizo zilizokuwa msingi wa atlasi ya foraminifera wanaoelea wa Eosini iliyotolewa mwaka 2006, ambamo vielelezo vingi ni vya Tanzania. Hata hivyo, katika matumizi hayo yote ukuta ulihudumia utambuzi wa spishi. Kuna watu wengine waliokuwa wakilihitaji gamba kwa shughuli tofauti kabisa.

Kitendawili cha tropiki baridi

Mwaka 1947 Harold Urey alionyesha kinadharia kwamba kalsaiti inayoundwa katika maji ya baridi hubeba oksijeni nzito kwa kiasi kikubwa kidogo kuliko ile inayoundwa katika maji ya joto. Cesare Emiliani aliitumia kanuni hiyo kwa foraminifera, na mwaka 1955 akachapisha mabadiliko ya joto la bahari katika enzi za barafu. Nicholas Shackleton wa Cambridge aliboresha vyombo hata vikaweza kupima magamba machache mno. Kuanzia mwaka 1968 meli za uchorongaji zilileta mashapo ya sakafu ya bahari kutoka pande zote za dunia, mengi yakiwa tope jeupe la chokaa ambalo karibu lote ni magamba.

Matokeo yake kwa Eosini yalikuwa ya ajabu. Kutoka maeneo ya karibu na ncha za dunia ushahidi ulikubaliana: hapakuwa na barafu nyingi, na mamba waliishi katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada. Kutoka tropiki, hata hivyo, magamba yalionyesha bahari yenye ubaridi kuliko ya leo. Shackleton na Anne Boersma walilieleza jambo hilo mwaka 1981, na mwaka 1996 Steven D'Hondt na Michael Arthur, wakizungumzia Kretasia ya mwisho, waliliita kitendawili cha tropiki baridi.

Kitendawili hicho kilikuwa na athari nje ya maabara. Miundo ya kompyuta ya tabianchi ilisema kwamba hewa ukaa ikiongezeka tropiki nazo hupata joto. Visukuku vilisema sivyo. Wapo waliotafuta mikondo ya bahari yenye nguvu kupita kiasi, inayoweza kuhamisha joto lote kwenda kwenye ncha. Wapo pia waliozingatia wazo, lililotolewa mwaka 1991 na Ramanathan na Collins kwa hoja za mawingu na si za visukuku, kwamba bahari za tropiki zina kidhibiti chao cha asili kinachozuia joto lisipite kiwango fulani. Kwa nchi zetu, zilizoko juu ya mstari wa ikweta au karibu nao, hili lilikuwa suala zito. Ikiwa dunia iliyojaa hewa ukaa iliziacha tropiki zikiwa na nyuzi 20, basi hatari ya ongezeko la joto ingekuwa ya mataifa ya kaskazini hasa. Hoja ya namna hiyo ingeweza kutumika kwa nia njema kabisa, ikiegemea takwimu zilizochapishwa na wanasayansi waliobobea.

Chanzo cha kosa kinaeleweka kirahisi mara kinapoelezwa. Foraminifera anayeelea huishi karibu na uso wa bahari, katika maji ya vuguvugu. Akifa, gamba lake huzama maelfu ya mita hadi sakafuni, ambako hata katika tropiki maji ni baridi. Likifukiwa katika tope la chokaa linalopitisha maji, chembe za kalsaiti za ukuta wake huyeyuka kidogokidogo na kujijenga upya kama fuwele kubwa zaidi, na fuwele hizo mpya huchukua oksijeni ya maji yaliyoko pale chini. Hivyo gamba lililojengwa katika joto hubeba saini ya baridi. Karibu na ncha za dunia uso na sakafu vilikuwa na joto linalokaribiana, kwa hiyo mabadiliko hayo hayakuharibu sana hesabu. Katika tropiki yaliiharibu. Daniel Schrag na wenzake walikuwa wametoa tahadhari hiyo kwa njia ya hesabu katika miaka ya 1990, lakini hesabu bila gamba lisiloharibika la kulinganishia haikutosha kuwashawishi wengi.

Kwa nini wataalamu wenye uzoefu hawakuliona? Jibu langu ni kwamba waliliona, ila walikuwa na neno lisilofaa. Katika ripoti za uchorongaji hali ya visukuku iliandikwa kuwa nzuri, ya wastani au mbaya, na "nzuri" ilimaanisha kwamba spishi inatambulika bila shaka. Gamba lililojijenga upya hubaki na vyumba vyake, mlango wake, hata vipele vyake. Anayepanga umri wa tabaka hana sababu ya kulilalamikia. Neno hilo lilihama kutoka meza ya mpanga tabaka hadi meza ya mpima joto bila mtu kuuliza kama bado lina maana ileile. Philip Sexton, Paul Wilson na Pearson walipoliandika suala hili kwa kina mwaka 2006, walitenganisha magamba ya namna mbili: ya kioo, ambayo chembe za ukuta wake bado ni ndogo kuliko mikrometa 1, na ya ukungu, yaliyo meupe yasiyopenyeza nuru, ambayo ukuta wake umejaa fuwele kubwa. Tofauti hiyo inaonekana hata kwa hadubini ya kawaida ya shuleni. Tope jeupe safi la bahari kuu, lililopendwa kwa weupe wake, lilikuwa jeupe kwa sababu kuta zake zilikuwa zimebadilika.

Mfinyanzi wa Kilwa

Mfinyanzi wa pwani ya Kilwa na Lindi hauna uzuri wa kuonyeshwa. Ni wa kijivu au kijani kibichi kilichofifia, hunata mvua inaponyesha na hupasuka jua linapowaka. Uliwekwa chini ya bahari yenye kina cha mamia ya mita, si maelfu, kutoka Kretasia hadi Oligosini, na haukufukiwa kwa kina kirefu kabla ya ardhi kuinuka. Sifa yake kuu ni kwamba haupitishi maji. Gamba lililonaswa humo halikupata maji ya kuliyeyusha wala ya kulijenga upya. Likichekechwa, likaoshwa na kuchukuliwa kwa ncha ya brashi yenye unyevu, huonekana kama kipande cha kioo, kana kwamba mwenyewe amelihama juzi.

Baada ya makala ya mwaka 2001 ulifuata mradi wa uchorongaji ulioendeshwa kwa ushirikiano na TPDC tangu mwaka 2002 hadi mwishoni mwa muongo huo. Visima vilikuwa vifupi, kwani kilichotafutwa ni mfinyanzi ulio chini ya ule uliochakazwa na mvua na mizizi. Mwaka 2006 Christopher Nicholas na wenzake waliurasimisha mpangilio wa tabaka hizo kwa jina la Kundi la Kilwa, lenye miundo minne: Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Majina ya vijiji na miji yetu yakawa vipimo vya wakati. Anayeandika leo kuhusu Eosini ya kati ya tropiki hawezi kuikwepa Masoko.

Kisha vipimo vikaja kwa wingi. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba bahari ya pwani hiyo ilidumu na joto la zaidi ya nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya Eosini, na safari hii ushahidi wa oksijeni uliungwa mkono na njia isiyohusiana na gamba kabisa, inayotumia mafuta yaliyoachwa na vijidudu vya baharini. Mwaka 2008 Caroline Lear na wenzake waliyatumia magamba ya Tanzania kutenganisha ubaridi wa bahari na ukuaji wa barafu ya Antaktika, miaka takriban milioni 34 iliyopita. Mwaka 2009 Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walipima boroni katika kuta za magamba hayo ili kukadiria hewa ukaa ya wakati huohuo. Makadirio yao kwa kipindi barafu ilipokua zaidi yalikuwa kati ya 450 na 1,500 katika kila milioni, na thamani ya katikati ikiwa takriban 760. Mwaka 2016 Eleni Anagnostou na wenzake, kwa njia hiyohiyo na kwa sampuli za Tanzania, walikadiria takriban 1,400 kwa kilele cha joto cha Eosini ya mwanzo.

Isidhaniwe kwamba kitendawili kizima kimeteguliwa. Rekodi ya mwaka 2007 inaonyesha tropiki zenye joto, lakini pia zilizobadilika kidogo wakati ncha za dunia zikipoa sana, na wanaoamini kwamba tropiki hubadilika polepole kuliko kwingine wana haki ya kuitaja. Kilichoondolewa ni dai jingine, lile la tropiki zilizokuwa na ubaridi kuliko za leo wakati hewa ukaa ilikuwa mara nyingi ya ile ya leo. Ripoti ya sita ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, ya mwaka 2021, inaitumia Eosini ya mwanzo kama kipindi cha rejea, ikikadiria dunia yenye joto la nyuzi 10 hadi 18 zaidi ya ile ya miaka ya 1850 hadi 1900. Mshauri wa sera anayeinukuu ripoti hiyo ananukuu, pamoja na mengine, kuta za magamba ya Kilwa.

Sampuli, majina na lugha

Vielelezo vya asili vya spishi zilizoelezwa na Blow na Banner kutoka Lindi viko London, katika Makumbusho ya Historia ya Asili. Katika mkoa huohuo, kilima cha Tendaguru kilichimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, na zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria na miamba zilisafirishwa kwenda Berlin. Mjadala wa hadhara kuhusu mifupa hiyo haujapoa, nao una haki yake. Kuhusu magamba kuna ukimya, pengine kwa sababu kielelezo kinachoingia katika tundu la sindano hakimpi mwanasiasa mahali pa kusimama akapigwe picha. Lakini mtafiti wa Dodoma au Bujumbura anayetaka kuhakikisha kwamba spishi aliyonayo ndiyo ya Lindi anakabiliwa na safari ileile.

Mradi wa karne hii ulikuwa na sura tofauti. Singano alikuwa mwandishi mwenza na mtaalamu wa visukuku, si mwenyeji wa kuonyesha njia, na mwaka 2014 Pearson na Helen Coxall waliiita Hantkenina singanoae spishi inayoonyesha hatua ya kwanza ya ukoo wa Hantkenina. Kubaki kwa utaalamu wa namna hiyo katika nchi zetu kunategemea kama kuna vijana wanaofundishwa kuzisoma kuta hizo, na kwa lugha gani. Majina Kivinje na Pande yameingia katika majarida ya dunia bila kutafsiriwa. Maneno ya kueleza kilichomo ndani yake bado hatuna kwa pamoja. Nimependekeza kauri, kioo na ukungu kwa sababu kila mmoja ameshika kikombe na kuona kioo cha dirisha asubuhi ya baridi. Baraza la istilahi likipata maneno bora zaidi, yatumike hayo.

Suala la hifadhi haliwezi kusubiri kwa muda mrefu kama la istilahi. Mfinyanzi wa namna hii huwa na chembe za pairaiti, madini ya chuma na salfa. Sampuli ya uchorongaji ikiachwa wazi katika ghala lenye joto na unyevu, pairaiti hiyo huungana na oksijeni na kutoa asidi ya salfa, na asidi huishambulia kalsaiti. Gamba lililokaa salama kwa miaka milioni 40 chini ya ardhi linaweza kuharibika katika muda mfupi likiwa ndani ya sanduku. Visima vingi vya gesi vinavyochorongwa kusini mwa Tanzania na katika bahari iliyo mbele yake hupita katika mashapo ya rika hilohilo kabla ya kufika kwenye gesi. Sharti moja katika leseni, kwamba sehemu ya mfinyanzi huo ifungwe pasipoingia hewa na ihifadhiwe mahali pa baridi katika nchi ulikotoka, lingegharimu kiasi kidogo sana cha bei ya kisima.